Zarifa na Nyumba ya Tajiri Suleiman

Tarehe 25 Septemba 1926, mjini Geneva, wajumbe wa Shirikisho la Mataifa walitia saini mkataba wa kukomesha utumwa. Siku hiyohiyo, ndani ya riwaya ya Jokha al-Harthi, mjakazi mmoja wa kijijini Oman anajifungua mtoto wa kike. Mtoto anapewa jina la Zarifa, na kabla hajafungua macho tayari ni mali ya bwana wa mama yake. Mwandishi anazitaja habari hizo mbili pamoja, kisha anashika njia yake bila kutia neno. Hana haja ya kulitia. Oman ilifuta utumwa mwaka 1970, na msomaji atapiga hesabu mwenyewe ajue sheria ilimkuta Zarifa na umri gani: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ameshazaa, ameshalea mtoto wa mwenzake, ameshazoea.

Riwaya hiyo ni Sayyidat al-Qamar, yaani Mabibi wa Mwezi, iliyochapishwa Beirut na Dar al-Adab mwaka 2010. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza ikaitwa Celestial Bodies, na Mei 2019 ikatwaa tuzo ya kimataifa ya Man Booker, ya kwanza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu. Tangu hapo imesifiwa sana, na wanaoisifu huwataja zaidi wale dada watatu: Mayya, anayeolewa huku moyo wake uko kwingine, Asma, anayeolewa kwa kuona ni wajibu, na Khawla, anayemsubiri binamu yake aliyepotelea Kanada. Ni wahusika wazuri, sikatai. Lakini uti wa mgongo wa kitabu ni Zarifa, na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu kuliko wasomaji wengine ya kukaa naye kitako.

Kwanza mwandishi. Jokha al-Harthi alizaliwa Oman mwaka 1978. Majina yake yote mawili tunayajua huku. Akina Jokha wamejaa Unguja na Pemba, na al-Harthi ndilo jina la Bushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani kuanzia 1888 mpaka wakamnyonga Pangani mwishoni mwa 1889. Simtafutii undugu na mtu. Nakumbusha tu kwamba majina haya yamekuwa yakivuka bahari kwa pepo za kaskazi na kusi tangu zamani. Bi Jokha alisoma kwao, akaenda Scotland, na katika Chuo Kikuu cha Edinburgh akapata shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiarabu cha kale. Leo ni mhadhiri wa fasihi hiyo katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos. Riwaya yake ya kwanza, Manamat, ilitoka mwaka 2004, kabla hajawa daktari.

Mabibi wa Mwezi aliianza akiwa Edinburgh, katikati ya utafiti, mtoto mchanga nyumbani na baridi nje, huku akitakiwa kuandika tasnifu kwa lugha ambayo hakulelewa nayo. Ameeleza mara kadhaa kwamba alirudi kwenye Kiarabu kwa sababu alikikosa. Kwa hiyo kitabu kilichozungumza na ulimwengu kilianza kama njia ya mtu kujirudisha nyumbani. Mfasiri wake, Marilyn Booth, naye alikuwa akifundisha Kiarabu Edinburgh miaka hiyo, kabla ya kuhamia Oxford. Aliyekichapisha kwa Kiingereza hakuwa mchapishaji mkubwa wa London. Alikuwa Sandstone Press, mchapishaji mdogo wa kaskazini mwa Scotland. Tuzo yenyewe, pauni 50,000, mwandishi na mfasiri waligawana nusu kwa nusu, utaratibu ambao ningependa wachapishaji wetu wauone, maana huku mfasiri akiandikwa jina ndani ya jalada hushukuru.

Sasa usomi wake, ambao wengi huutaja kama pambo la wasifu kisha wakaupita. Uwanja wake ni ushairi wa mapenzi unaonasibishwa na Bani Udhra, kabila la Kiarabu la zama za Bani Umayya. Washairi wa mkondo huo ndio waliolia mapenzi mpaka kaburini: Jamil na Buthayna wake, Kuthayyir na Azza wake, na katika kundi hilo watu humweka pia Qays aliyerukwa na akili kwa ajili ya Layla. Kwa karne nyingi imefundishwa kwamba mapenzi hayo yalikuwa safi, ya roho tupu, na kwamba mwili hauna nafasi ndani yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2021 kupitia machapisho ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, al-Harthi anazisoma beti hizo upya na kuonyesha kwamba mwili umo, tena umejaa tele. Waliosema haumo walikuwa wamezoea kutouona.

Hapo ndipo mtaalamu na mwandishi wa riwaya wanapokuwa mtu mmoja. Darasani alichukua mapokeo yanayoheshimika, yenye sifa ya usafi, akatafuta kilichofunikwa. Katika riwaya alichukua nyumba inayoheshimika, ya tajiri Suleiman wa kijiji cha al-Awafi, nyumba ya tende, ukarimu na sala, akafanya vilevile. Wa kufunuliwa humo ni Zarifa.

Zarifa ni mnene, mcheshi, mpishi hodari, na mdomo wake umejaa methali. Usiku mwingine anakwenda jangwani kwenye ngoma ya zar, ngoma ya pepo ambayo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Tajiri Suleiman alimnunua akiwa msichana. Ni mtumwa wake, na ni mwanamke anayelala naye, na ndiye anayeendesha nyumba yake. Mke wa Suleiman anapofariki na kuacha mtoto mchanga, Abdallah, Zarifa ndiye anayemlea. Mtoto huyo hakumjua mama mwingine. Akiadhibiwa na baba yake, na adhabu za Suleiman ni za kutisha (anamning'iniza mwanawe kichwa chini ndani ya kisima), kifua cha kukimbilia ni cha Zarifa.

Mwandishi mwingine angetosheka na hapo: mtumwa mwenye moyo wa dhahabu na mtoto yatima anayempenda. Al-Harthi anamleta Habib, mume aliyeozeshwa Zarifa, Mbaluchi aliyeibwa kwao utotoni na kuuzwa Oman. Habib hatulii. Anapiga kelele kwamba wao walikuwa watu huru, waliibwa, na hakuna miaka inayoweza kugeuza wizi kuwa halali. Mwishowe anaondoka. Mwanawe Sanjar anairithi hasira hiyo. Akimwambia mama yake kwamba wao ni huru kwa mujibu wa sheria, mama anakasirika: huyu tajiri si ndiye aliyewalea, akawalisha, akamsomesha huyo Sanjar? Mwana anamjibu kwamba aliyafanya hayo kwa faida yake. Sanjar anakwenda Kuwait. Mabishano yao ni kurasa chache tu, lakini sijui kwingine katika fasihi ninayoifahamu ambako mtumwa na mwana wa mtumwa wameachwa wabishane wenyewe, kila mmoja akiwa na hoja yenye uzito, bila bwana kuwa katikati yao.

Na bwana mwenyewe? Suleiman anakufa miaka mingi baada ya utumwa kufutwa. Kitandani, akiwa amechanganyikiwa, anamwamuru Abdallah amfunge mtumwa Sanjar kwenye nguzo kwa sababu ameiba gunia la vitunguu. Abdallah anamwambia kwamba serikali iliwaachia watumwa huru kitambo. Mzee hataki kusikia. Sheria ilifika kijijini, lakini kichwani mwake haikuingia. Abdallah naye, mtu mzima mwenye biashara na watoto, bado anamwogopa. Tunayasikia haya yeye akiwa ndani ya ndege ya kwenda Frankfurt, anasinzia na kuzinduka, na kumbukumbu zinamjia bila mpangilio.

Kitabu hakifichi pia utajiri wa nyumba ile ulitoka wapi. Watu wa al-Awafi husema ni tende. Abdallah anajua kwamba ni biashara ya watu. Huo ni ukweli wa koo nyingi za Oman, na ni ukweli wetu pia. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 na kuendelea, na karafuu za Unguja na Pemba zilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa kutoka bara. Hata Oman na Zanzibar zilipotenganishwa kuwa tawala mbili mwaka 1861, majahazi hayakujua mpaka huo. Waliochukuliwa hawakubaki wote visiwani. Wengine walipelekwa Sur na Muscat, wakaishia kwenye mashamba ya mitende na katika majiko ya watu. Ukoo wa Zarifa ulitolewa Afrika kwa njia hiyo. Kwa maneno mengine, kitabu hiki ni habari ya ndugu zetu waliopanda jahazi wasirudi.

Huku kwetu tumezoea kuusimulia utumwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya Mkunazini. Mgeni anapelekwa kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko, soko ambalo Seyyid Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa kubanwa na Waingereza. Anaonyeshwa vyumba vya chini, anaonyeshwa sanamu za watu wenye minyororo shingoni, anapiga picha, anaondoka. Ya pili ni ya barazani. Hapo utaambiwa kwamba watumwa wa pwani walitunzwa kama watoto wa nyumbani, walikula chakula kimoja na mabwana zao, walioa na kuolewa, na kwamba haya ya minyororo ni chumvi ya wamisionari. Wanaosimulia ya kwanza na wanaosimulia ya pili hawasikilizani, na kila tarehe ya kisiasa inapokaribia wanatupiana maneno.

Zarifa anaziumbua zote mbili. Hana mnyororo. Anakula vizuri, ana funguo za ghala, ana kauli ndani ya nyumba. Kwa kipimo cha barazani huyo ndiye mtumwa aliyetunzwa kama mtoto. Na riwaya inatuonyesha, bila kupaza sauti, kwamba kutunzwa huko ndiko kulikomzuia kuona kwamba alinunuliwa. Lakini pia hawezi kutiwa ndani ya sanamu ya Mkunazini, kwa sababu anampenda Abdallah kwa dhati, na pengine alimpenda hata Suleiman, na mapenzi hayo si uongo. Anayetaka kusema ukweli juu ya utumwa wa pwani yetu lazima aanzie pale, jikoni na chumbani, si sokoni. Sokoni mtu alikaa siku chache. Nyumbani alikaa maisha.

Wala si fasihi pekee inayosema hivyo. Amri ya mwaka 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa Zanzibar iliwaruka masuria. Wao walihesabiwa kama wake, kwa hiyo wakabaki walipo, na ilibidi kusubiri mpaka 1909 nao waingizwe. Miaka kumi na miwili sheria ilisimama mlangoni ikaogopa kuingia ndani. Waliobaki upande wa ndani wa mlango huo walikuwa akina Zarifa wa Unguja na Pemba, na majina yao mengi hatunayo.

Tumejaribu kuwaandika? Tumejaribu. James Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu cha waliookolewa na meli za Kiingereza, na kwa hiyo macho yake yako baharini na kwa waokoaji. Adam Shafi Adam, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, alituingiza ndani kabisa ya jumba la bwana na kutuonyesha Kijakazi akiumwa na kazi. Ni riwaya ninayoiheshimu. Lakini Shafi alijua mapema jibu ni mapinduzi, na kila kilichomo kwenye kasri kinaelekea huko. Al-Harthi hana mapinduzi ya kumsaidia. Oman iliwaachia watumwa kwa amri ya sultani mpya, asubuhi nyumba ikawa ileile na watu walewale, na hakuna aliyejua amwambie mwenzake nini. Hali hiyo ni ngumu zaidi kuandika, na kwa wengi ndiyo iliyotokea kweli.

Wako pia walioandika kutoka upande wa mabwana. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili safi, na watumwa humo ni sehemu ya mzigo. Binti wa Seyyid Said, Salme, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, baada ya kuwa Emily Ruete. Yeye mwenyewe alizaliwa na suria wa Kicherkesi, na bado alipofika kwenye utumwa aliutetea, akisema wa kwao ulikuwa wa upole na Wazungu hawauelewi. Ni baraza lilelile, limehamia Ujerumani.

Ndiyo maana jambo moja katika ufundi wa al-Harthi naliona kubwa, ingawa wengine wamemlaumu kwalo. Katika riwaya nzima ni Abdallah peke yake anayesema kwa nafsi ya kwanza. Wengine wote, Zarifa akiwemo, tunasimuliwa. Inaonekana kama dhuluma nyingine: mtoto wa bwana kapewa ulimi, mtumwa kaachwa bila. Mimi naona kinyume chake. Aibu ile ni ya Abdallah. Yeye ndiye mrithi wa mali, wa jina na wa kimya cha baba yake, na ni haki yeye ndiye akose usingizi ndani ya ndege. Kwetu tumewabebesha wajukuu wa watumwa kazi yote ya kukumbuka, tukiwataka walete ushahidi, majina na tarehe, wakati wajukuu wa wenye mashamba wamekaa kimya, wengine kwa haya, wengine kwa hofu ambayo, baada ya Mapinduzi ya 1964, haikuwa ya kubuni. Al-Harthi, mwanamke wa Kiarabu wa Oman mwenye jina la ukoo mkubwa, ameamua kusema yeye kwanza. Alipopata tuzo alieleza kwamba suala la utumwa bado ni nyeti nchini mwake na kwamba fasihi ndipo mahali pazuri pa kulizungumzia. Ni maneno ya upole kuliko kitabu chenyewe.

Sisemi kitabu hakina kasoro. Watu ni wengi mno. Sura fupi fupi zinaruka kizazi hadi kizazi, na toleo la Kiingereza limelazimika kuweka mchoro wa ukoo mwanzoni ili msomaji asipotee. Sehemu za mjini, zile za London, binti wa Mayya na Abdallah aliyepewa jina la mji, pamoja na mchumba wake mshairi, ni nyepesi. Unasoma ukitamani kurudi al-Awafi. Mapenzi ya Azzan, baba wa wale dada, na Najiya mwanamke wa Kibedui, yana uzuri wa mashairi ambayo mwandishi ameyafundisha miaka yote, lakini mara nyingine uzuri huo unamzidi nguvu akasahau kwamba anasimulia.

Riwaya iliyofuata, Narinjah ya mwaka 2016, imetulia zaidi. Iliipata tuzo ya Sultan Qaboos mwaka huohuo. Zuhour, mwanafunzi wa Kiomani huko Uingereza, anateswa na kumbukumbu ya Bint Amir, mwanamke aliyemlea baba yake na kumlea yeye, akaitwa bibi ilhali hana damu moja nao. Bint Amir alifukuzwa na baba yake mzazi akiwa mdogo, akaishi kwa kazi ya mikono yake, na ndoto yake ilikuwa kumiliki kipande kidogo cha shamba. Hakukipata. Si mtumwa huyu, ni mwungwana, na maisha yake yote ameyatumia katika nyumba ya wengine akilea watoto wa wengine. Ukizisoma riwaya hizi mbili kwa kufuatana utaona kwamba mwandishi anarudi kwenye swali lilelile la mwanamke anayeshikilia nyumba isiyo yake. Mwaka 2021 alitoa nyingine, Harir al-Ghazala, na mwaka huo tafsiri ya Kifaransa ya Mabibi wa Mwezi ikapata tuzo ya fasihi ya Kiarabu mjini Paris.

Muscat leo ina maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Wengi ni wale waliokimbia Zanzibar baada ya Januari 1964, na watoto wao, waliokaribishwa na Sultan Qaboos alipohitaji wasomi wa kujenga nchi. Hao wana kumbukumbu za pande zote mbili, ya nyumba ya karafuu na ya nyumba ya tende. Wapo pia huku, Malindi, Lamu, Mombasa, Pangani, Wete, wazee ambao bibi zao waliitwa masuria au wazalia, na wazee ambao babu zao waliwamiliki bibi hao, na mara nyingi ni mzee mmoja mwenye asili zote mbili. Kiswahili kina waandishi wa kutosha kwa kazi hii, na msomaji wake yupo. Tafsiri ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, ilionyesha kwamba hadithi za mtoto aliyetolewa rehani na za nyumba za matajiri wa pwani zinasomwa vizuri kwa lugha ambayo watu wa hadithi hizo waliishi nayo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walio na majina ya koo kubwa, wa Unguja, wa Mombasa na wa Muscat, wenye kalamu na wenye nyaraka za babu zao kabatini: andikeni nyinyi. Msingoje wajukuu wa Zarifa wawaombe.